Umeme unavuka Tunduma, cheti cha fundi kinakwama

Njia ya umeme ya kilovolti 400 inaanzia Tagamenda, nje kidogo ya mji wa Iringa. Inapita Kisada wilayani Mufindi, inafika Iganjo jijini Mbeya, inagusa Tunduma, kisha inaelekea Sumbawanga. Urefu wake ni kilomita 620 hivi. Mradi wenyewe unaitwa TAZA na lengo lake ni kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia, kama njia ya Singida hadi Isinya ilivyotuunganisha na Kenya Desemba 2024. Kwa watu wa Rukwa jambo hili si geni. Miaka mingi taa za Sumbawanga zimewaka kwa umeme ulionunuliwa Zambia.

Katika mipango yote hii kuna mtu mmoja anayesahaulika, naye ni fundi umeme. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataja shughuli ambazo mtu haruhusiwi kuzifanya bila leseni: kuzalisha umeme, kuusafirisha, kuusambaza, kuuuza nje ya mipaka, na pia kufunga mifumo ya umeme kwenye majengo. Biashara ya umeme ya kuvuka mpaka na kazi ya fundi wa nyumba zimo katika orodha moja. Ile ya kwanza imepata wafadhili, mikataba na vikao vya mawaziri. Fundi wa Mbeya au Iringa akivuka kwenda Nakonde na cheti chake cha VETA mkononi, anaanza moja.

Na kuvuka anavuka. Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawakuanza jana kufuata kazi kusini. Wazee wa Rungwe na Kyela walikwenda migodi ya Afrika Kusini kwa Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, wengine walikwenda Ukanda wa Shaba, na wasiotaka kufika mbali hivyo waliishia dhahabu ya Lupa, Chunya. Kilichokuwa kikitakiwa siku hizo ni mwili wenye nguvu. Baadaye ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara kuu inayokwenda sambamba nayo. Leo vijana wanaopita njia hiyo wamebeba testa, plaizi na cheti, na cheti ndicho kinachowakwamisha.

Kikazi, umbali kati ya Tunduma na Nakonde ni mdogo mno. Pande zote mbili umeme wa majumbani ni volti 230 kwa hezi 50, na soketi za pini tatu bapa zinazouzwa Mwanjelwa, Mbeya, na Ipogolo, Iringa, ndizo zinazofungwa ng'ambo. Wanyamwanga wanaishi huku na kule, ndugu kwa ndugu. Tangu 2019 mpaka huo una kituo cha huduma kwa pamoja, ambako mzigo wa lori unakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Ukishuka Kasumulu hadi ng'ambo ya mto Songwe mambo ni hayo hayo: Mnyakyusa na Mngonde wanasikilizana, na soketi za Karonga hazina tofauti na za Kyela.

Kisheria, umbali huo ni mrefu. Zambia ina mamlaka yake ya tuzo na sifa za elimu, ZAQA, inayotathmini vyeti vya nje na kuhakikisha kuwa chuo kilichotajwa kweli kilivitoa. Mwenye cheti anatakiwa pia kujisajili katika Taasisi ya Wahandisi ya Zambia, EIZ. Licha ya jina lake, kwa sheria ya 2010 taasisi hiyo inasajili hata mafundi stadi na mafundi sanifu, pamoja na wahandisi wa shahada. Baada ya hapo kuna kibali cha kazi cha Uhamiaji. Malawi nayo ina mdhibiti wake wa nishati, MERA, anayetoa vibali kwa mafundi wa kufunga nyaya.

Silalamiki kwamba wanauliza. Wana haki ya kuuliza, na fundi mwenye uelewa anaijua sababu. Fungua swichi kubwa katika nyumba ya zamani ya fezi tatu, tuseme Gangilonga, Iringa. Utakuta waya mwekundu, wa njano na wa bluu ndio wenye moto. Mweusi ni nyutro na wa kijani ni ethi. Kisha nenda kwenye jengo jipya la Isyesye, Mbeya, lililofungwa kwa rangi mpya. Humo fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Bluu ndiyo nyutro, na ethi ni kijani yenye mstari wa njano. Bluu iliyokuwa na moto kule, huku ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro kule, huku ina moto. Mabadiliko hayo yalianzia Ulaya. Uingereza, ambayo mfumo wetu umerithi kwake mambo mengi, iliruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuzifanya za lazima kwa kazi mpya mwaka 2006. Nyumba zenye rangi za zamani hazikubomolewa, wala nyaya za zamani hazikuisha madukani siku moja.

Fundi akiongeza chumba kwenye nyumba ya zamani kwa nyaya za rangi mpya bila kupima kila ncha kwa testa, anamwachia hatari fundi atakayekuja baada yake. Akienda Marekani au Kanada mambo yanageuka tena: umeme wa majumbani ni volti 120 kwa hezi 60, mweusi una moto, mweupe ni nyutro. Mtihani wa nchi mpya unamlinda mwenye nyumba, na unamlinda fundi mwenyewe asife kwa mazoea ya kwao.

Kwa hiyo tatizo si mtihani. Tatizo ni kwamba fundi wetu anafika kwenye mtihani huo akiwa mikono mitupu, na umaskini huo wa karatasi tunautengeneza sisi wenyewe, hapa hapa nyumbani.

Tazama nyumba ya kawaida inavyofungwa umeme Mbeya na Iringa. Mwenye nyumba anamtafuta fundi wa mtaani. Fundi anakuja na saidia fundi wake, wanachimba kuta, wanalaza mabomba, wanavuta nyaya, wanafunga saketi breka, wanachimbia ethi rodi. Kazi ikiisha, TANESCO haiwezi kuleta mita ya Luku mpaka mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, athibitishe kazi ile. Hapo anatafutwa mwenye leseni, anaweka sahihi na muhuri, analipwa chake. Jina linaloingia kwenye kumbukumbu ni la mwenye muhuri. Aliyepanda ngazi na kukata nyaya hatajwi popote. Akifanya hivyo miaka kumi, anakuwa na ustadi wa miaka kumi na ushahidi wa siku sifuri, na mbele ya sheria hana tofauti na kishoka anayedanganya watu mtaani.

Wenzetu wanahesabu. Ontario, Kanada, uanagenzi wa fundi umeme wa majengo unapimwa kwa saa 9,000, za kazini na za darasani kwa pamoja. Mgeni anayedai kuwa tayari ni fundi anatakiwa aonyeshe kazi aliyofanya, mahali, muda na aliyemsimamia. Afrika Kusini cheti cha nje kinatathminiwa na SAQA. Kwa anayetaka kusajiliwa kama fundi anayeweza kusaini usalama wa jengo, kuna mitihani ya kanuni zao za ufungaji, kisha usajili katika idara ya kazi. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeridhika na maneno ya kusema, "Niulizie Soweto pale Mbeya, wote wananijua."

Kuna jambo jingine linalowaumiza mafundi wenye umri mkubwa. Waliofanya majaribio ya ufundi ya zamani walipewa madaraja yaliyoanzia chini kwa Greidi III na kupanda hadi Greidi I, ambayo ndiyo ya fundi bingwa. Mfumo uliokuja baadaye, wa tuzo za taifa za ufundi stadi, unaanzia Ngazi ya I na kupanda hadi ya III. Namba zimepinduka. Afisa wa Lusaka au Johannesburg akipokea cheti cha Greidi I cha fundi aliyesotea miaka mingi, bila barua ya kumfafanulia, anaweza kabisa kumweka chini ya kijana aliyehitimu juzi. VETA ikitoa karatasi moja yenye maelezo ya mifumo yote miwili na kuiambatanisha na kila cheti kinachopelekwa nje, itakuwa imemtendea haki mzee huyo kwa gharama ya wino tu.

Njia ya kuanzia ipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Mbeya na Iringa, na ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anafundishwa pale anapopungukiwa, kisha anapewa cheti. Utaratibu huo ulianza kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, na serikali imeufadhili kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Leseni ya EWURA inaombwa kwa mtandao, na mamlaka hiyo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Leseni zake zimepangwa kwa madaraja ya herufi kulingana na ukubwa wa kazi. Nawasihi vijana waombe leseni hata kama ni ya daraja dogo. Leseni ndogo yenye jina lako inakufaa kuliko muhuri mkubwa wa mtu mwingine.

Wapo pia wanaorudi. Mtanzania aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi cha Ndola au Lilongwe anafika Mbeya na cheti cha nje katika nchi yake mwenyewe. Anatakiwa akipeleke kutathminiwa. Kwa ngazi za ufundi ni NACTVET, kwa shahada ni TCU, ndipo aende EWURA. Na akitaka kuitwa mhandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mlango wake. Mlolongo huo unafanana sana na ule anaokutana nao mwenzake kule Zambia. Pande zote mbili zinafanya kazi ile ile mara mbili, kwa mafundi wanaofunga soketi ile ile.

Lubumbashi na Kolwezi nchini Kongo, zinakokwenda lori nyingi zinazopita Tunduma, zina ugumu wa aina yake. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na fundi wa Iringa anaweza kufanya kazi siku nzima kule kwa Kiswahili bila mkalimani. Lakini cheti chake kimeandikwa kwa Kiingereza, na ofisi inayokipokea inaandika Kifaransa.

Wahandisi waliliona tatizo hili la vyeti kutotambuliwa ng'ambo mapema wakalitafutia dawa. Mwaka 2012 bodi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana, kwa kutumia mlango uliofunguliwa na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010. Makubaliano yale ni ya wahandisi. Mafundi wa cheti, ambao ndio wengi na ndio wanaoshika waya, hawamo. Na hata wangekuwamo, yasingewasaidia Nakonde, kwa sababu Zambia na Malawi hazimo katika Jumuiya. Tuko nazo SADC, na huko ndiko mazungumzo haya yanapaswa kuanzia.

Ombi langu kwa EWURA na VETA ni kwamba, kabla umeme wa TAZA haujazoeleka pande zote mbili za mpaka, wakae na ZAQA, EIZ na MERA, waweke vyeti vyao mezani, wakubaliane daraja lipi ni sawa na lipi, na mtihani upi wa ziada unahitajika. Matokeo yabandikwe Tunduma na Kasumulu kwa Kiswahili. Na wewe fundi unayesoma haya, usingoje kikao hicho. Kila kazi unayoimaliza, andika tarehe, mahali, ukubwa wa mzigo na ulichofunga, kisha mwombe mkandarasi aliyekusimamia aweke sahihi yake chini ya jina lako.