Kabalo: Simu peke yake haitachunga kura
KABALO – Katika mji huu wa reli kando ya mto Lualaba, kama kwingine Kongo, sheria inataka matokeo yabandikwe kwenye kila kituo cha kura. Mwangalizi mwenye simu anaweza kupiga picha na kuituma. Vifaa hivyo wafadhili wanapenda kuvilipia.

Lakini tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, serikali ilikata intaneti kwa karibu wiki tatu. Hata hivyo maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi 40 000, walisema tarehe 3 Januari kwamba wanamjua mshindi. Nguvu yao ilikuwa watu vituoni.

Mashirika ya kiraia ya Kabalo yanahitaji pia nauli ya pikipiki hadi vijijini, na chakula cha mwangalizi anayekesha kura zikihesabiwa.