Chakula cha Safari, Si Tuzo ya Washindi

Ndugu msomaji, Jumapili wenzako wanapokwenda kukomunika, mbona wewe wabaki benchini? Nakuuliza kwa kuwa mimi, karani wa parokia, nilibaki hivyo miezi mitatu. Niligombana na kaka yangu kwa ajili ya nyavu, nikajisemea: nitakomunika nikiisha kuwa mwema.

Watazame wavuvi wetu wa Mwanza. Je, mvuvi hungoja ayashinde mawimbi ndipo ale? La! Hula kwanza, apate nguvu za kupiga kasia. Ndivyo ilivyo Komunyo Takatifu: Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe ni chakula cha roho safarini. Papa Pius X mwaka 1905 alihimiza waamini waipokee mara nyingi, hata kila siku. Wazee wetu wa misioni ya Bukumbi, iliyoanza mwaka 1883, walifunga tangu saa sita ya usiku. Tangu mwaka 1964 twafunga saa moja tu. Mama Kanisa ametufupishia njia.

Lakini angalia! Mwenye dhambi ya mauti aungame kwanza. Na mwenye ugomvi akapatane na nduguye, ndivyo Bwana alivyoagiza. Maana mkate huo mmoja hutufanya sisi sote mwili mmoja.

Basi Jumamosi moja nilikwenda kwa kaka. Tulitengeneza nyavu pamoja, jioni nikaungama, na kesho yake tukaenda sote wawili kukomunika. Nawe, ndugu yangu, nani akungojea? Jumamosi i karibu.