Sweta la Mtalii na Mkono wa Mfumaji

Huenda wako wasomaji watakaotushangaa leo. Gazeti la chama, gazeti la wakulima na wafanya kazi, lina haja gani na maduka ya watalii mashambani mwa Ayalandi, nchi ya mvua na kondoo iliyo mbali nasi namna ile? Jawabu letu ni fupi. Mwenye kutaka kujua jinsi jasho la mkono linavyomwacha mwenye mkono na kwenda kumnenepesha mwingine, na jinsi linavyoweza kurudishwa kwa mwenyewe, ataipata mifano yote miwili katika nchi hiyo moja ndogo. Tena Waayalandi walitawaliwa na Waingereza kwa mamia ya miaka, na sehemu kubwa ya nchi yao ikajitawala mwaka 1922. Waliyoyaona baada ya kupandisha bendera yao si mageni kwetu.

Mtalii aingiaye Ayalandi leo haendi mbali kabla hajasimamishwa na duka. Akitoka Dublin kuelekea kusini, katika kijiji cha Avoca, atakuta kiwanda cha kufuma kilichoanzishwa mwaka 1723. Akifika Blarney, karibu na mji wa Cork, atakuta jengo kubwa la mawe lililojaa blanketi na bilauri. Akienda magharibi ataona maduka ya twidi ya Donegal, yaani kile kitambaa kizito cha sufu chenye madoa madoa ya rangi kama majani ya nyikani, na masweta meupe ya visiwa vya Aran, na vikapu, na sabuni za mwani, na chai pamoja na mikate yake ya siagi. Mabasi husimama nje kwa safu. Watu huingia mikono mitupu, hutoka wamebeba.

Sisi hatuna neno na mtalii. Amefanya kazi kwao, amedunduliza fedha zake, anataka kumpelekea mama yake zawadi. Twataka kujua tu fedha zile akishaziacha mezani zinakwenda wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika pwani ya Donegal, wanawake walikuwa wakifuma soksi kwa sindano nyumbani mwao, usiku, baada ya kazi za shamba. Uzi waliuchukua kwa mwenye duka, wakitembea maili nyingi kwenda na kurudi, na soksi wakazirudisha kwake yeye yule. Wengi hawakulipwa fedha. Walilipwa kwa chai na sukari na vitu vingine vya dukani, kwa bei aliyoipanga mwenye duka mwenyewe. Sheria ya Kiingereza ilikataza malipo ya namna hiyo, lakini sheria ilikuwa London na duka lilikuwa kijijini. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mkopeshaji pia, na aliyekuwa na deni kwake hakuthubutu kupeleka soksi zake kwingine. Wanaume nao walivuka bahari kila mwaka kwenda kuvuna viazi Scotland, na walichokipata kikaishia katika daftari lile lile.

Mmoja wa watu hao aliitwa Patrick Gallagher. Alikodishwa kazi ya utumishi angali mtoto, akaenda Scotland akiwa kijana, na huko akaona duka la ushirika ambalo wanunuzi ndio wenye mali. Alirudi kwao Dungloe, na mwaka 1906 yeye na jirani zake wachache wakaanzisha chama cha ushirika cha Templecrone. Wenye maduka wakampiga vita kwa kila njia. Miaka michache baadaye ushirika ukafungua nyumba ya kufumia, wasichana wakafanya kazi kwa mashine, na wakalipwa fedha taslimu. Hebu fikirini, ndugu wasomaji, maana ya fedha taslimu katika mkono wa binti ambaye mama yake alilipwa majani ya chai! Watu wakamwita Gallagher “Paddy the Cope”, kwa sababu ndivyo neno la ushirika lilivyotamkwa vinywani mwao. Alifariki mwaka 1966, na duka la ushirika wake lingaliko Dungloe mpaka leo.

Mfano wa pili ni wa masista, nasi tuliosomeshwa na watu wa misheni hatuwezi kuupita kimya. Mwaka 1892, huko Foxford katika wilaya ya Mayo, Sista Agnes Morrogh-Bernard alifungua kiwanda cha sufu kandokando ya mto Moy. Nchi ile ilikuwa na njaa na umaskini mkubwa, na yeye aliona kwamba sadaka humshibisha mtu siku moja tu. Hakujua kufuma. Alimwomba shauri Mprotestanti mmoja wa kaskazini aliyekuwa na kiwanda chake, naye akamsaidia bila kuuliza dini. Kiwanda kilipata misukosuko, na mwaka 1987 kikashindwa na madeni, lakini wenyeji wapya wakakifufua. Leo mgeni aingiapo Foxford husikia kwanza mashine za kufuma zikipiga kelele ndipo afike penye meza za kuuzia. Kwetu sisi kelele hiyo ni dalili njema.

Maana dalili nyingine si njema. Kiwanda cha Blarney kilianzishwa mwaka 1823, na kwa karne moja na nusu kijiji kizima kilikula kwa kitambaa chake. Mwaka 1973 kikafungwa. Miaka miwili baadaye kikanunuliwa na Christy Kelleher, ambaye alikuwa mfanya kazi wa kiwanda kile kile kabla ya kuanza biashara ya kuwauzia watalii katika kibanda cha nyasi. Habari hiyo hutusisimua, kwani si kila siku mfanya kazi hununua jengo alilotolea jasho. Lakini tusijidanganye. Jengo lilinunuliwa likawa duka. Palipokuwa na wasokotaji na wafumaji pakawa na wauzaji, wanaouza vitu vilivyotengenezwa penginepo. Mshahara wa muuzaji ni mshahara halali, hatuudharau. Ila kijiji kilichojua kutengeneza kitu kikawa kijiji kinachojua kukifunga katika karatasi. Na Avoca, kile kiwanda cha tangu 1723, kilikuwa kimekwisha kuwa kampuni yenye maduka na migahawa mingi pale mwaka 2015 kampuni ilipouzwa kwa Aramark ya Marekani. Watalii wa Kimarekani wanaingia Wicklow kununua blanketi la Kiayalandi, na faida inarudi nao nyumbani ndani ya ndege.

Sasa tulitazame sweta lenyewe, lile jeupe lenye kamba na almasi zilizofumwa kifuani. Katika maduka mengi mtalii huambiwa kwamba kila ukoo wa Ayalandi ulikuwa na mfumo wake wa tangu kale, ili mvuvi akizama na maji yakamtupa pwani, jamaa zake wamtambue kwa sweta lake. Huonyeshwa ubao wenye majina ya koo. Mtu wa Boston au Chicago, ambaye babu yake aliikimbia Ayalandi kwa njaa, hulitafuta jina lake, akaliona, akatokwa na machozi, akafungua pochi.

Habari hiyo si kweli. Sweta la namna hii ni kazi ya wanawake wa visiwa vya Aran, na umri wake hauzidi sana miaka mia moja. Kisa cha mtu aliyezama kinafanana na mchezo wa kuigiza wa J. M. Synge uliochezwa mwaka 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake kwa soksi aliyomfumia yeye mwenyewe, kwa kuhesabu mishono. Ni soksi, wala si sweta. Ni mishono ya dada mmoja, wala si ya ukoo. Masweta yenyewe yalianza kupata soko katika miaka ya 1930, bibi mmoja mwenye juhudi, Muriel Gahan, alipokuwa akiuza kazi za watu wa mashambani katika duka lake la Dublin na kuwalipa. Kisha mwaka 1961 waimbaji waitwao Clancy Brothers wakaonekana katika televisheni ya Marekani wamevaa masweta hayo, na Wamarekani wakayataka wote kwa mara moja.

Wako watakaosema: uwongo mdogo wa biashara unamdhuru nani? Twasema unamdhuru mfumaji. Hadithi ya ukoo humfanya mnunuzi alipe zaidi, na ziada hiyo hubaki kwa mwenye duka aliyetundika ubao. Bibi wa kisiwani aliyebuni mishono ile kwa akili yake, akiwa na jina na sura, amefutwa, na mahali pake pamewekwa mababu ambao hawakuwahi kushika sindano. Sweta la mkono huchukua majuma kadhaa, na hulipwa kwa kipande. Hakuna awezaye kulea watoto kwa malipo yale. Ndiyo maana wafumaji wa mkono wamebaki wachache, wengi wao wazee, na masweta mengi yaliyomo madukani ni ya mashine. Wala hapo hapana kosa, mradi mnunuzi aambiwe.

Na sufu je? Mtalii hutazama dirishani mwa basi akaona kondoo milima yote, akadhani sweta lake limetoka kwenye migongo ile. Mara nyingi limefumwa kwa sufu laini ya merino iliyotoka Australia. Sufu ya kondoo wa milimani ni kavu na hukwaruza, na katika miaka ya karibuni bei yake imeshuka hata mkulima hulipwa pungufu ya gharama ya kumnyoa kondoo. Mkulima anaipeleka sufu yake kwa hasara, anapita mbele ya duka liuzalo picha ya kondoo wake.

Wachongaji wetu wa Mwenge, Dar es Salaam, hawatahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wala wachoraji wa Tingatinga, waliounda chama chao cha ushirika mwaka 1990 na bado wanaona jina lao likiuzwa na kila mwenye kopo la rangi.

Neno moja juu ya Waterford, ingawa ni mji wala si shamba. Bilauri zake za kioo cha kuchongwa zilianza mwaka 1783, zikafa mwaka 1851, zikafufuliwa mwaka 1947. Mwezi Januari 2009 kampuni ilianguka na tanuru zikazimwa. Wafanya kazi hawakwenda nyumbani kulia. Walikikalia kituo cha kupokelea wageni, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya watalii, wakakishika karibu miezi miwili. Pensheni zao zilikuwa zimepotea. Wakaishitaki serikali yao mpaka Mahakama ya Ulaya, ikawapa haki mwaka 2013, na mapatano ya malipo yakafikiwa mwishoni mwa mwaka 2014. Jina la Waterford lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa wengine. Mwaka 2010 ilifunguliwa mjini nyumba mpya ambamo mtalii hulipa kiingilio kuwatazama mafundi wakipuliza kioo, lakini sehemu kubwa ya vitu vyenye jina hilo hutengenezwa nje ya Ayalandi. Fundi amekuwa kitu cha kutazamwa.

Je, hakuna njia nyingine? Mwaka 1951 padre mmoja, James McDyer, alipelekwa Glencolmcille, pembe ya mwisho ya Donegal. Alikuta vijana wanaondoka mmoja mmoja, na mji hauna umeme. Akawahimiza watu wake kuunda ushirika wa kufuma, ushirika wa mboga, na nyumba za kupangisha wageni. Mwaka 1967 wakajenga kwa mikono yao kijiji kidogo cha nyumba za nyasi, kuonyesha maisha ya wazee wao katika karne tatu, pamoja na duka la kazi za wenyeji. Si yote yaliyofaulu. Kiwanda cha mboga hakikudumu, na vijana hawakuacha kabisa kuondoka. Lakini kijiji kile kingaliko, nacho ni mali ya wakazi. Mtalii akilipa kiingilio, amelipa Glencolmcille.

Sheria nayo imeanza kuamka. Mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kulinda majina ya kazi za mikono yanayotokana na mahali, kama mvinyo na jibini zilivyolindwa tangu zamani, na kanuni hiyo ikaanza kutumika Desemba 2025. Wafumaji wa Donegal ni miongoni mwa waliopigania jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu mtu aweza kuliita kitambaa chake jina la wilaya yao ambayo hajapata kuikanyaga. Sisi twaiunga mkono kanuni hiyo, ingawa tungependa iulize swali moja zaidi ya mahali: mfumaji alilipwa nini?

Katika kisiwa cha Inis Meáin, kisicho na watu 200, kiko kiwanda cha masweta kilichofunguliwa mwaka 1976 ili watu wasihame. Kinatumia mashine na hakifichi. Mifumo yake mingine imetokana na nguo za wavuvi wa kisiwa kile, na masweta yake huuzwa hadi miji mikubwa ya ng'ambo kwa bei ambayo msomaji wetu asingependa kuisikia. Ubao wa koo hawauhitaji. Asubuhi wafanya kazi huja kazini, jioni hurudi kwao, na shule ya kisiwa ingali na watoto.