Kabla ya kuovakloki laptopu yako ya ex-UK, ipe hewa kwanza

KAMA unakula kwa kazi za mtandaoni, hii unaijua. Umebakisha dakika chache umtumie mteja video yake, feni inaanza kulia kama kinu cha posho, halafu mashini inalala. Haijazima, imelala tu. Unabonyeza leo, inajibu kesho.

Ndipo usiku unaingia YouTube, unamkuta jamaa akikushauri uovakloki prosesa, yaani uilazimishe kukimbia zaidi ya kasi iliyopewa kiwandani. Yeye ana kompyuta ya mezani, kasha la kioo, feni kibao na taa za rangi. Wewe uko na laptopu ya ex-UK kutoka Luthuli, na saa hii iko juu ya blanketi.

Chukua mashini moja iliyojaa mtaani: HP EliteBook 840 G1 yenye Core i5-4300U. Prosesa hiyo ilitoka 2013. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.9, na ikipata nafasi inapanda yenyewe hadi 2.9. Sasa angalia ile herufi U mwishoni. Maana yake ni prosesa ya kubana umeme, wati 15, na Intel wamefunga kizidishi cha kasi yake. Hakuna programu ya kukifungua. Prosesa za laptopu zilizo wazi ni zile za herufi kama HK au MX, na hizo huzipati kirahisi kwa mashini iliyotolewa ofisi fulani ya Uingereza. Fundi akikuambia atakuovaklokia 4300U kwa thao moja, mshukuru, shika njia.

Lakini hiyo 2.9 ni yako tayari, uliilipia. Swali ni kama unaipata. Prosesa hii ikigonga nyuzi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue, na ikiwa joto halina pa kwenda inaweza kushuka hata chini ya 1.9. Pakua HWiNFO, ni ya bure. Iwashe, fanya kazi yako nzito dakika kumi, kisha usome joto na kasi. Kama joto linagonga 100 na kasi inaporomoka, usiguse mpangilio wowote. Tafuta bisibisi.

Mashini ya zaidi ya miaka kumi imekula vumbi la ofisi ya watu huko ng'ambo, ikaja ikaongezwa la kwetu, na anayeishi Kayole au Pipeline anajua vumbi ninalosema. Linajikusanya kati ya feni na yale mapezi membamba ambako hewa moto hutokea, linashikana hadi linakuwa kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha ndani tu. Zima mashini, chomoa chaja, toa betri, fungua kifuniko cha chini, kisha utoe feni ulitoe hilo vumbi kwa mkono au kwa brashi. Ukitumia hewa ya kupuliza, shika mapanga ya feni yasizunguke, maana ukiyaacha yazunguke kwa kasi ya ajabu unaweza kuua feni.

Ukiwa hapo, badilisha ile pesti ya kijivu inayopitisha joto kutoka kwa prosesa kwenda kwa bomba la shaba. Ya zamani mara nyingi imekauka, inavunjika kama plasta ya ukuta. Skrubu za hapo kwa kawaida zina namba. Zifuate, ulegeze kidogo kidogo, na wakati wa kufunga ufanye vivyo hivyo, maana ile chipu iko wazi na ukikaza upande mmoja unaweza kuvunja kona yake. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha paka pesti mpya, safu nyembamba inayofunika chipu yote. Dawa ya meno hapana! Najua umeiona YouTube. Inakauka haraka na unarudi pale pale.

Blanketi nalo liondoke. Vifuniko viwili vya chupa ya soda chini ya kona za nyuma vinainua mashini na kuipa hewa, na hujatumia shilingi.

Sasa tuje kwa utamu wenyewe, ambao mimi nauita ovakloki ya maskini. Niliacha chuo mapema lakini hesabu hii moja ilinibakia: joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, ila kwa volti linapanda kwa kipeo cha pili. Punguza volti asilimia 5 na umeme unaoliwa na kazi yenyewe unashuka karibu asilimia 10. Kumbuka 4300U yako imefungiwa wati 15. Video ndefu ikisindikwa, mara nyingi ni hizo wati zinazoirudisha nyuma, hata kama imepoa. Ukiipunguzia volti, wati zile zile zinabeba kasi kubwa zaidi.

Programu ni ThrottleStop, nayo ni ya bure. Hifadhi kazi yako yote kwanza. Ingia sehemu ya FIVR, shusha CPU Core na CPU Cache kwa milivolti 30, kisha uitese mashini kwa kazi yako halisi kama saa moja. Ikitulia, ongeza 10, ujaribu tena. Ikileta skrini ya buluu umepita mpaka. Iwashe upya na urudi hatua mbili. Usiruhusu ThrottleStop ijiwashe pamoja na Windows hadi ukae siku kadhaa bila tatizo. Kila chipu ina mpaka wake, kwa hivyo namba za rafiki yako ziache kwake.

Hapa uzee una faida. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu wa kiusalama unaoitwa Plundervolt, unaogusa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha sita, na masasisho ya BIOS yaliyofuata yakafunga mlango wa volti kwenye mashini nyingi. Wewe wa kizazi cha nne haikukuhusu.

Wenye kadi tofauti ya GeForce mnaweza kuiongezea kasi kwa MSI Afterburner, hatua ndogo ndogo, baada ya kusafisha. Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, acha haya yote, nunua SSD kwanza.

Jambo moja la mwisho kabla ufungue chochote: angalia tachpadi. Ikiwa imeinuka au haibonyezeki vizuri, huenda betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiidunge wala kuikandamiza, uipeleke kwa fundi leo. Milivolti zitangoja.