Dakika Kumi na Tano za Kumsikiliza Mtoto Akisoma

Wazazi wenzetu, hebu tuanze na hesabu ndogo. Kipindi kimoja katika Gredi ya kwanza hadi ya tatu ni dakika 30. Wacha tuseme darasani mna watoto 60, jambo ambalo si geni hapa kwetu Thika wala Ruiru. Hata mwalimu asipopoteza dakika yoyote kwa kugawa vitabu, kunyamazisha kelele na kumtoa mmoja kwenda msalani, kila mtoto angepata nusu dakika tu ya kusoma huku mwalimu akimsikiliza peke yake. Mzazi anayekaa na mtoto wake robo saa jioni moja amempa muda ambao mwalimu huyo angehitaji vipindi 30 kumpa.

Tunaandika haya kwa sababu tukitembelea nyumba huko Makongeni, Kiandutu, Kimbo na Githurai, maneno tunayosikia mara kwa mara ni haya: "Kazi ya kufundisha ni ya mwalimu, mimi nalipa tu." Mwingine husema kwa sauti ya chini, "Mimi sikusoma, sasa nitamsaidia na nini?" Hatuwalaumu. Mama aliyetoka kibarua cha mananasi na baba aliyeshinda kwa mjengo wanafika nyumbani wakiwa wamechoka kabisa. Lakini msaada tunaousema hauhitaji cheti. Unahitaji sikio, subira na taa.

Madarasa yetu hayakujaa kwa bahati mbaya. Hesabu ya watu ya 2009 ilipata wakazi 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Yaani mji uliongezeka mara mbili kwa miaka kumi, mashamba ya kahawa yakageuka ploti, na barabara kuu ya Thika ilipomalizika 2012 wengi wakaona afadhali waishi huku na kufanya kazi Nairobi. Shule za serikali hazikwenda na kasi hiyo. Shule za kibinafsi zikachipuka kila kona, nyingine nzuri sana, nyingine ni vyumba vya mabati tu vyenye jina zuri la Kiingereza ukutani.

Kwa nini tunahangaika na Gredi tatu za kwanza hasa? Kwa sababu humo ndimo mtoto anapojifunza kusoma. Kuanzia Gredi ya nne anatarajiwa kusoma ili ajifunze mambo mengine: sayansi, kilimo, masomo ya jamii, na vitabu hivyo vingi viko kwa Kiingereza. Mtoto asiyeweza kusoma hapo hashindwi na somo moja, anashindwa na yote kwa pamoja. Na hakuna atakayemzuia mlangoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kurudishwa darasa, na sisi tunaona ni sheria nzuri, maana kurudia darasa kulivunja mioyo ya watoto wengi, wengine wakaacha shule kwa aibu. Lakini maana yake ni kwamba kila mwaka mpya mtoto anapanda, ajue ajue, asijue asijue. Shirika la Uwezo, ambalo tangu 2009 limekuwa likipima watoto nyumba kwa nyumba, lilipata katika vipimo vyake vya miaka ile ya 8-4-4 kwamba karibu watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Wale saba walikuwa wanaenda shule kila siku, na sare wamevaa.

Basi utajuaje mtoto wako yuko upande gani? Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anafungua kitabu, anasoma ukurasa mzima bila kukwama, mama anafurahi. Kumbe anakariri! Amesikia wenzake wakiimba ukurasa ule darasani mpaka umeingia kichwani kama wimbo. Mwangalie macho. Anayekariri hutiririka kama redio huku akitazama dari. Anayesoma kweli huenda polepole, kidole kinafuata, anakwama kwenye neno gumu, anarudi nyuma. Kwa hivyo usifurahie mbio wala usikasirikie kukwama.

Kama unajua kusoma, funika picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, kisha uulize, "Hili linasema nini?" Halafu chukua silabi anazozijua umwandikie neno jipya. Amesoma "meza" na "kalamu"? Mwandikie "zamu" na "kaza". Akiyasoma, mshukuru Mungu, mtoto anasoma. Asipoweza, hajapotea, ila bado anaimba.

Na kama wewe mwenyewe hukusoma? Mwambie akuonyeshe neno "mama" kila mahali lilipo katika ukurasa. Maneno yanayofanana yana umbo moja, na hata jicho ambalo halikuingia darasani linaona kama kidole kimewekwa juu ya maumbo mawili tofauti. Mwulize kesho tena. Shosho mmoja anayelea wajukuu alituambia kwamba yeye hufanya hivyo huku akichambua maharagwe, na wajukuu wake hawajawahi kujua kwamba hasomi.

Kuna kipimo kingine kwa wale wenye saa. Katika mpango wa Tusome, ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, mtoto alihesabiwa kuwa anasoma kwa ufasaha akifikisha maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika moja, au 65 ya Kiingereza. Kiswahili kina idadi ndogo kwa kuwa maneno yake ni marefu. Lakini msigeuze jambo hili kuwa mashindano ya kila jioni. Pima mara moja kwa muhula, basi.

Tuje kwa lugha, ambayo huleta ubishi katika kila mkutano wa wazazi. Ripoti ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ile ya Gachathi ya 1976 ikasema miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale shule ilipo, na mjini penye makabila mengi iwe Kiswahili. Huo ndio msimamo wa serikali hadi leo, hata katika mtaala wa umilisi ulioanza 2019. Lakini wengi wetu tunachagua shule kwa kusikiliza mtoto wa jirani akisema "good morning", na shule zinajua hivyo.

Fikirieni hivi. Katika Kiswahili, mtoto aliyeshika a, e, i, o, u na akajua kuziunganisha, ba be bi bo bu, anaweza kujaribu karibu neno lolote. Yatamsumbua machache, kama tofauti ya ng'ombe na ngoma, au "mbwa" na "kwapa". Kiingereza hakina huruma hiyo. Neno "one" linaanza kwa o, lakini linasomwa kama lina w. Mtoto akisha kuelewa kwa lugha anayoisikia nyumbani kwamba herufi zinabeba sauti, ujuzi huo anahama nao kwenda Kiingereza. Akianzia kule kusiko na mpangilio, tena kwa maneno asiyojua maana yake, ndipo anapokimbilia kukariri.

Kikuyu nacho kinataka kueleweka. Kina irabu saba, si tano. Hakina sauti ya l, kwa hiyo mtoto aliyelelewa Gatundu akahamia Ruiru ataandika "rara" badala ya "lala". Herufi c inasomwa karibu na sh, ndiyo maana "cũcũ" huitwa shosho. Na th ya Kikuyu ni kama dh ya Kiswahili. Mtoto wa Thika akiandika jina la mji wake "Dhika", msimcheke jamani! Amesikia sawasawa kuliko wengi wetu. Mwambie tu, "Kikuyu tunaandika hivi, Kiswahili tunaandika hivi." Hata kama shule yake ni ya Kiingereza kitupu, akimaliza kusoma mwulize kitabu kimesema nini, na umruhusu ajibu kwa Kikuyu, Kikamba, Kijaluo au Sheng ya Githurai. Unataka kujua kama ameelewa. Matamshi yatakuja.

Jioni yenyewe iwe namna gani? Mtoto ale kwanza, maana tumbo likilia sikio halisikii. Kisha mkae, televisheni izimwe. Akikwama, hesabu tano kimya kabla ya kumsaidia. Piga makofi silabi pamoja naye: ki-ta-bu, makofi matatu, m-to-to, pia matatu, ingawa wengi hudhani ni mawili. Kitabu kikikosekana, kuna pakiti ya unga, karatasi ya chumvi, na vibao vya matatu vya Juja, Ruiru na Githurai. Tangu 2018 serikali hununua vitabu na kuvipeleka moja kwa moja katika shule za umma, kwa hiyo uliza shuleni kama mtoto anaweza kuja na chake nyumbani. Wale walio karibu na mji wasisahau maktaba ya umma ya Thika. Tumeona pia ploti ambapo nyumba nne huwakusanya watoto chini ya taa moja, na msichana wa Gredi ya sita ndiye msikilizaji. Yeye mwenyewe amenufaika pengine kuliko wote.

Hesabu hatuna mengi ya kusema: vifuniko vya soda, mtoto kwenda dukani na kurudisha chenji kamili, inatosha sana kwa umri huu.

Ile miradi ya katoni na vitambaa inayotumwa nyumbani, mwacheni mtoto aifanye mwenyewe hata ikitoka mbaya. Tunajua akina baba wanaokesha wakitengeneza gari la mabua, kesho maksi ni za baba.

Kiboko nacho kiwekwe kando. Sheria hiyo ya 2013 inakikataza shuleni, na nyumbani pia mtoto anayepigwa kwa kukwama hujifunza kuficha kwamba amekwama. Kabla ya kumwita mvivu, angalia kama anasogeza kitabu karibu na pua, au kama hageuki ukimwita kwa nyuma. Huenda ni macho au masikio. Ziko ofisi za kupima watoto kama hao (EARC), ambazo serikali ilianza kuzifungua 1984. Mwalimu mkuu atakuelekeza. Mji wa Thika una shule ya wasioona tangu 1946, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu, ambako watoto husoma kwa vidole. Kwa hiyo watu wa hapa hatuna sababu ya kusema mtoto fulani hawezi kusoma.

Wapo wazazi watakaosema, "Wangu yuko Gredi ya tatu tayari na hajui hata kuunganisha ba." Usikimbilie tuisheni ya likizo, ambayo hata sheria hairuhusu. Nenda shuleni siku ya kawaida saa za mchana, usisubiri mkutano mkuu, na usiulize amekuwa wa ngapi. Mwulize mwalimu wa darasa silabi zipi mtoto anazijua na zipi bado. Azima kitabu cha Gredi ya kwanza kwa jirani, ukipake jalada la gazeti ili kisimwaibishe mbele ya wadogo zake, na muanzie pale alipoachia. Ukurasa mmoja kwa jioni, hata kama ni mistari mitatu.