Fedha ya Bibi Harusi na Macho ya Zama

Mwenye kufika soko la Sinaw, katika eneo la Sharqiya nchini Oman, asubuhi ya Alhamisi, akishaupita mnada wa mbuzi na ngamia, ataziona kwa masonara hirizi za fedha, mitali na vikuku vizito, nakshi zake zimeingia weusi. Na huenda akamsikia mnunuzi mgeni akisihi kwamba weusi ule usisuguliwe, kwani kwake yeye ndio uzuri wenyewe.

Bibi harusi wa zama za nyanya zetu angestaajabu. Kwake fedha nzuri ilikuwa fedha mpya, nyeupe, nzito, iliyotoka motoni kwa ajili yake. Na sonara aliipata kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780 hata zilipopigwa karne nzima baadaye, kila moja takriban gramu 28, na sehemu tano katika sita ni fedha safi. Riale nyingine zilitungwa nzima katika mkufu, kila mtu azihesabu, kwa kuwa pambo lilikuwa mahari, na mahari ilikuwa akiba. Itazame hirizi yenyewe: kijisanduku cha mstatili, bamba jembamba la dhahabu limegandishwa juu ya fedha ili vyote viwili ving'ae pamoja, na chini yake vinaning'inia vinjuga ili mvaaji asikike kabla hajaonekana. Alipofariki mwenyewe, pambo mara nyingi liliuzwa kwa uzani likarudi kalibuni. Ndiyo sababu mapambo ya kale hasa ni machache mno.

Mafuta yalipoanza kusafirishwa 1967, na mali ikaenea baada ya 1970, macho yaligeuka. Wajukuu walivalishwa dhahabu, na fedha ikahesabiwa pambo la mashamba na la wanyonge, ikauzwa kwa bei ya kusikitisha.

Watu wa Sharqiya waliosafiri kwenda Unguja walikwisha kuyashuhudia mageuzi kama hayo katika milango: ya zamani kizingiti chake cha juu kilikuwa kimenyooka, kisha katika zama za Sayyid Barghash, 1870 hadi 1888, ukapendwa upinde wa nusu duara wenye maua na majani, kwa namna ya Kihindi.

Hata Ulaya, iliyojidai kuwa na mizani ya milele, haikusalimika. Masanamu ya Wayunani yalipakwa rangi na mafundi wake. Mvua na mchanga vilipoziondoa, mtaalamu wa Kijerumani Winckelmann, katika kitabu chake cha 1764, akausifu weupe wa marmari kana kwamba ndio uliokusudiwa, na vizazi vya wasanii vikachonga kwa kuufuata uchakavu huo. Weusi wa hirizi ya Sinaw ni jambo la jinsi hiyo hiyo: ni kazi ya hewa na miaka, wala si ya sonara.

Simlaumu anayeupenda, kila zama ina haki ya macho yake. Lakini naona ni dhulma kumsahau aliyevaa, na natamani Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Muscat 2016 yamwagize sonara wa Nizwa, ambako ufundi huo ungali hai, aifue hirizi mpya kwa namna ya zamani, iwekwe wazi kando ya ile nyeusi, nje ya kioo, mtazamaji apewe ruhusa ya kuishika, kuipima uzito mkononi na kuitikisa.