Asmini ya Mabaka Uani Ipuli

Wapita njia hapa kwetu Ipuli, Tabora, huuliza usiku nani kafukiza udi. Si udi, ni asmini, tena ile yenye majani ya mabaka meupe, ambayo wengi wanaijua ikiwa ya kijani kitupu. Maua hufunguka jua likishazama, yananukia usiku kucha, na kesho yake mchana yameshaanza kulegea.

Asili ya asmini hii ni Asia Kusini. Ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo kila unapoiona, jua kuna mtu aliyebeba tawi lake. Pwani ikishapandwa haina taabu. Tabora inataka mahali pa kujisitiri: tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua zikikatika Aprili au Mei hazirudi hadi karibu na Novemba, na Julai usiku ni baridi, mchana upepo mkavu wa mashariki. Ya mabaka ndiyo huumia zaidi. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, haitengenezi chakula, na jua kali huiunguza.

Dawa yake ni ua. Wenye matembe wa zamani walijenga hivyo hivyo, kuta nene zikizunguka uwanja wa ndani. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857 walikaa katika nyumba za namna hiyo, na tembe la Kwihara alimokaa Livingstone bado tunalitembelea. Mimi nimepanda upande wa mashariki wa nyumba, na mbele yake upo ukuta wa ua. Jua la asubuhi linapita juu ya ukuta, upepo unabaki nje, na ikifika alasiri nyumba yenyewe inatia kivuli.

Udongo uwe wa kichanga, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Maji yakituama mizizi inaoza. Na jamani, msimwage majivu ya jikoni pale! Majivu huondoa uchachu wa udongo, mmea ukashindwa kunyonya chuma, majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu huyasifia wakidhani ni mabaka, kumbe mmea una njaa.

Likichipua tawi la kijani kitupu, likate pale pale linapoanzia, maana lina nguvu kuliko wenzake na litaumeza mmea mzima. Jeupe tupu nalo usilipande, haliwezi kujilisha. Chagua lililochanganya, lisilo changa sana, lenye pingili tatu au nne. Ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi pogoa kila yanapokwisha.

Ya kikuba huchumwa alasiri yakiwa vitumba, yafungukie kwenye nywele. Anayetaka tawi aje mvua zikianza. Kiangazi simkatii mtu, hata awe ndugu.